Nyumba Ikishachukuliwa Hairudi: Wadaiwa wa Hispania na Haki ya Makazi

Tarehe 14 Machi 2013, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilitoa hukumu katika shauri la Mohamed Aziz dhidi ya benki ya Catalunyacaixa. Aziz, mhamiaji kutoka Moroko aliyekuwa akiishi Martorell karibu na Barcelona, alikopa yuro 138,000 mwaka 2007 kwa kuweka nyumba yake rehani, akatakiwa kuzilipa kwa miaka 33. Mwaka uliofuata akashindwa kuendelea na malipo. Nyumba ikapigwa mnada, hakuna aliyejitokeza kununua, benki ikaichukua kwa nusu ya thamani yake, na Januari 2011 familia ikatolewa nje. Majaji wa Luxembourg walisema sheria ya Hispania ilikiuka agizo la Ulaya la mwaka 1993 linalomlinda mlaji dhidi ya masharti kandamizi ya mikataba, kwa sababu ilimnyima hakimu uwezo wa kusimamisha hatua dhidi ya nyumba wakati malalamiko ya mdaiwa yakichunguzwa. Ni kusema kwamba kwa miaka mingi watu walikuwa wakiondolewa majumbani mwao kwa utaratibu ambao wenyewe ulikuwa na kasoro ya kisheria. Aziz alishinda kesi akiwa ameshaipoteza nyumba kwa zaidi ya miaka miwili.

Hukumu hiyo inatulazimisha kulitazama upya jambo ambalo tangu mwaka 2010 lilikuwa likiitwa fujo, ukaidi na uvunjaji wa sheria: wananchi wa kawaida kukusanyika mbele ya mlango wa jirani anayetaka kufukuzwa na kukataa kupisha. Ninachodai katika uchambuzi huu ni kwamba watu wale walikuwa wakifanya kazi ambayo mahakama za nchi yao zilikuwa zimekatazwa kuifanya. Walikuwa wakitoa zuio la muda. Katika suala la makazi, muda ndio kiini cha haki yenyewe, maana familia ikishatawanyika na nyumba ikishauzwa, hukumu inayokuja baadaye inaweza kuleta fidia ya fedha tu. Hata hivyo muda peke yake haujengi nyumba, na kushindwa kulitatua hilo ndiko kulikoibakisha Hispania katika mgogoro hadi leo.

Kabla ya kufika mlangoni, ni vyema kujua namna deni lilivyotengenezwa. Kuanzia miaka ya 1950, utawala wa Jenerali Franco uliamua kwa makusudi kuwafanya wafanyakazi wawe wamiliki wa nyumba badala ya wapangaji, kwa imani kwamba mwenye nyumba na deni hagomi ovyo. Serikali za kidemokrasia zilizofuata hazikuubadili mwelekeo huo. Ziliendelea kutoa nafuu za kodi kwa wanaonunua, huku nyumba za umma za kupangisha zikibaki sehemu ndogo mno ya makazi yote. Kufikia miaka ya 2000, zaidi ya kaya nane katika kila kumi ziliishi katika nyumba zinazozimiliki. Sheria ya ardhi ya mwaka 1998 ikafungua maeneo mengi zaidi kwa ujenzi, na sarafu ya yuro ikaleta riba nafuu. Mwaka 2006 pekee vilitolewa vibali vya kujenga zaidi ya nyumba 800,000. Kijana aliyetaka kuanza maisha hakuwa na njia mbili za kuchagua: kodi ya pango ilikuwa ghali na mikataba yake mifupi, na kila aliyemwendea kuomba ushauri alimwambia anunue. Benki nazo zilikuwa tayari kumpa mkopo wa miaka 30 au 40 wenye riba inayopanda na kushuka kulingana na soko.

Mambo yaligeuka kwa kasi. Riba ya Euribor, ambayo mikopo mingi ilifungwa nayo, ilipita asilimia 5 mwaka 2008. Ujenzi ukasimama, na mafundi, vibarua na madereva waliokuwa wamejenga nyumba hizo wakawa wa kwanza kukosa kazi. Ukosefu wa ajira, uliokuwa takriban asilimia 8 mwaka 2007, ulifika asilimia 26 hivi mwaka 2013. Mashauri ya kunadi mali zilizowekwa rehani yalipanda kutoka chini ya 26,000 mwaka 2007 hadi zaidi ya 93,000 mwaka 2009 na vivyo hivyo mwaka 2010. Takwimu hizo zahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa zinajumuisha maduka, viwanja na nyumba za mapumziko, na si kila shauri liliishia kwa mtu kufukuzwa. Hata ukipunguza yote hayo, ongezeko la zaidi ya mara tatu ndani ya miaka miwili haliwezi kuelezwa kwa uvivu au ulaghai wa wadaiwa. Watu hawawi wavivu kwa makumi ya maelfu katika mwaka mmoja.

Kilichoufanya mgogoro wa Hispania kuwa mchungu kuliko wa nchi nyingine nyingi ni sheria ya deni. Kifungu cha 1911 cha Kanuni ya Madai ya mwaka 1889 kinasema mdaiwa anawajibika kwa mali zake zote, za sasa na za baadaye. Sheria ya rehani iliruhusu benki na mkopaji kukubaliana kwamba nyumba pekee itatosha kulipia deni, lakini hakuna benki iliyopenda kuandika sharti hilo. Mnada ukikosa wanunuzi, benki ilikuwa na haki ya kuichukua nyumba kwa nusu ya thamani iliyokadiriwa. Tuchukue hesabu ya mfano. Mtu ana nyumba iliyokadiriwa yuro 200,000 na anadaiwa 180,000. Mnada unakosa wateja, kama ilivyokuwa kawaida wakati soko limelala. Benki inaichukua kwa 100,000. Mtu huyo sasa hana nyumba na bado anadaiwa 80,000, na juu yake kuna riba ya kuchelewa, ambayo katika mkataba wa Aziz ilikuwa asilimia 18.75, pamoja na gharama za mawakili. Akipata kazi, mshahara wake unakatwa. Kama wazazi wake walimdhamini kwa nyumba yao, na wao wanafuatwa. Wahamiaji kutoka Ekwado, ambao hawakuwa na wazazi wenye nyumba Hispania, mara nyingi walidhaminiana wao kwa wao, hivyo mmoja alipoanguka aliwaburuta wenzake. Ndiyo maana chama chao mjini Madrid kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuingia barabarani.

Ndani ya hali hiyo, Februari 2009, likazaliwa mjini Barcelona Jukwaa la Walioathiriwa na Rehani, linalojulikana kwa kifupi cha Kihispania, PAH. Waanzilishi wake, wakiwamo Ada Colau na Adrià Alemany, walitoka katika harakati za vijana waliokuwa wakilalamikia bei za nyumba tangu mwaka 2006. Ubunifu wao mkubwa ulikuwa mkutano wa kila wiki. Mtu aliyefika kwa mara ya kwanza alikuja akitarajia kuonana na mwanasheria faraghani. Badala yake alikalishwa kwenye duara na kuombwa aeleze tatizo lake mbele ya wote, na waliomjibu walikuwa wadaiwa wenzake waliokuwa wamekwishapita hatua aliyopo. Mmoja alimweleza namna ya kuandika barua ya kuomba benki ichukue nyumba na kufuta deni lote. Mwingine alimwonya asitie sahihi karatasi yoyote ya benki kabla ya kuisoma mkutanoni. Wa tatu alijitolea kuongozana naye hadi benki. Ukumbi huohuo ulitenganisha waziwazi hatua tatu: ambaye hajaanza kuchelewesha malipo, ambaye shauri lake limefika mahakamani, na ambaye nyumba imeshanadiwa, na kila hatua ilikuwa na mifano ya barua na fomu zake.

Utaratibu huo ulikuwa na maana kubwa kisiasa kuliko ulivyoonekana. Deni la nyumba lina aibu yake. Mtu huwaficha jirani, huwaficha watoto, na wakati mwingine humficha hata mwenzi wake. Aibu hiyo humfaidi mkopeshaji, kwa sababu mdaiwa aliye peke yake hukubali masharti yoyote ili jambo lisijulikane. Mkutano ulipowaweka pamoja watu 50 wenye barua zinazofanana kutoka benki zilezile, ikawa vigumu kwa yeyote kati yao kuendelea kuamini kwamba tatizo ni uzembe wake binafsi. Mwenye kujilaumu akaanza kuuliza maswali: nani aliyekadiria thamani ya nyumba hii? Kwa nini sharti hili liliandikwa kwa maandishi madogo? Kwa nini serikali inaiokoa benki na hainiokoi mimi? Maswali hayo hayaulizwi na mtu aliyejifungia chumbani.

Tarehe 3 Novemba 2010, katika kijiji cha La Bisbal del Penedès mkoani Tarragona, PAH ilizuia kwa mara ya kwanza mtu kuondolewa nyumbani. Namna ilivyofanyika baadaye ikawa desturi. Ofisa wa mahakama hufika asubuhi na amri mkononi, akiwa na wakili wa benki na fundi wa kufuli, na pengine polisi. Hukuta watu wameketi mlangoni wamefungana mikono. Mwakilishi wao huomba kuzungumza, huonyesha karatasi za huduma za jamii, huwataja watoto au mgonjwa aliyemo ndani, na kuomba siku nyingine. Ofisa, ambaye hana hamu ya kuona mtu akiumia, mara nyingi huandika kwamba amri haikuweza kutekelezwa na kupanga tarehe mpya. Basi, ni hivyo tu. Wiki sita au miezi miwili imepatikana, na katika muda huo benki inarudishwa mezani. Baada ya maandamano makubwa ya tarehe 15 Mei 2011 kuenea nchi nzima, kampeni hiyo ilisambaa miji mingi, na PAH yenyewe inahesabu zaidi ya mara 2,000 ambazo kuondolewa kwa mtu kulizuiwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 mafundi wa kufuli wa Pamplona walikubaliana kutoshiriki tena katika kuwafungulia maofisa milango ya wanaofukuzwa. Februari 2013 wazimamoto wa A Coruña walikataa kuvunja mlango wa bikizee mwenye umri wa miaka 85. Sheria inapofika mahali ambapo hata mwenye funguo na mwenye shoka wanakataa kuitumikia, tatizo liko ndani ya sheria.

Sambamba na mlangoni, kulikuwa na njia ya bungeni. PAH na washirika wake waliandika mswada wa wananchi wenye madai matatu: mdaiwa akikabidhi nyumba deni liishe, watu wasifukuzwe katika makazi yao ya kudumu, na wanaobaki wapangishwe kwa kodi inayolingana na kipato chao. Katiba ya Hispania hudai sahihi 500,000 ili mswada wa namna hiyo ufike bungeni. Zilipatikana zaidi ya 1,400,000. Wakati sahihi zikikusanywa, Novemba 2012, mwanamke mmoja aliyewahi kuwa diwani alijiua huko Barakaldo maofisa walipokuwa wakipanda ngazi za nyumba yake. Siku chache baadaye serikali ilitoa amri ya kusimamisha kwa miaka miwili kufukuzwa kwa familia zilizo katika hali ngumu kabisa. Februari 2013 Bunge lilikubali kuujadili mswada baada ya chama tawala kubadili msimamo dakika za mwisho. Sheria iliyopitishwa Mei mwaka huo, hata hivyo, iliacha nje dai la msingi la kufuta deni kwa kukabidhi nyumba. Ilipandisha hadi asilimia 70 thamani ambayo benki yaweza kuichukulia nyumba ya makazi, na ikaweka nafasi ya kupinga masharti kandamizi, ambayo hukumu ya Luxembourg ilikuwa imeilazimisha.

Hapa ndipo mlango na mahakama vinapokutana. Katika hukumu ya Aziz, majaji walieleza kwamba kumpa mdaiwa fidia baada ya nyumba kwenda ni ulinzi pungufu, kwa kuwa fidia hairudishi makazi ya familia. Ndilo neno hasa ambalo waliokaa vizingitini walikuwa wakilisema kwa miili yao kwa zaidi ya miaka miwili. Wala mahakama haikuishia hapo. Julai 2014, katika shauri la Sánchez Morcillo, ilibaini kwamba Hispania iliruhusu benki kukata rufaa na kumnyima mdaiwa haki hiyohiyo. Mwaka 2015 Bunge la Catalonia lilipitisha kwa kauli moja sheria namba 24, iliyotokana na sahihi za wananchi, inayoilazimisha benki au mmiliki mkubwa kutoa pango nafuu kabla ya kumfukuza mtu asiye na pa kwenda. Serikali kuu ilizuia sehemu zake kwa kesi ya kikatiba, na zikarejea mwaka 2019 baada ya serikali mpya kuondoa pingamizi. Mwaka huohuo sheria mpya ya mikopo ya nyumba ikasema benki haiwezi kuanza kunadi, katika nusu ya kwanza ya mkopo, mpaka malimbikizo yafikie malipo ya miezi 12 au asilimia 3 ya mkopo. Katika nusu ya pili, miezi 15 au asilimia 7. Ukizipanga hatua hizi pamoja, utaona zote zinahusu kitu kimoja: kumpa mdaiwa muda na nafasi ya kusikilizwa kabla ya jambo lisiloweza kurekebishwa. Ndicho kilichokuwa kikidaiwa vizingitini.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la kimaadili, na Waswahili wana methali yake: dawa ya deni ni kulipa. Mtu alikopa kwa hiari, alitia sahihi akiwa na akili timamu, na jirani yake aliyejinyima akalipa kila mwezi hakupata msamaha wowote. Ni pingamizi zito na halistahili kupuuzwa. Lakini tuangalie walivyofanya Wahispania wenyewe. Ukosefu wa ajira ulipofika robo ya nguvukazi, mikopo ya nyumba isiyolipika ilikuwa karibu asilimia 6 tu. Watu waliacha dawa, walirudi kwa wazazi, walikula kwa pensheni ya bibi, ili walipe benki. Hilo si taifa lililokuwa likisubiri kisingizio cha kukwepa. Isitoshe, methali hiyo ilitumika upande mmoja. Juni 2012 Hispania iliomba Ulaya msaada wa hadi yuro bilioni 100 kwa ajili ya benki zake, na takriban bilioni 41 zikatumika. Madeni mabaya ya benki yaligawanywa kwa walipa kodi wote, akiwamo mtu aliyekuwa akifukuzwa na benki hiyohiyo. Tena benki iliyokubali makadirio ya yuro 200,000 siku ya kukopesha ndiyo iliyoichukua nyumba hiyohiyo kwa nusu siku ya mnada. Haki ya mkataba yadai kosa la makadirio libebwe na pande zote mbili. Ninakubali kwamba lazima kutofautisha asiyeweza kulipa na asiyetaka, na nyumba ya kuishi na nyumba ya biashara. Mswada wa wananchi ulifanya hivyo: ulihusu makazi ya kudumu ya mdaiwa mwenye nia njema.

Pingamizi la pili ni la kiuchumi. Ukiondoa tishio la kudai mali zote za mdaiwa, benki zitapandisha riba, na wa kwanza kunyimwa mkopo atakuwa maskini yuleyule unayetaka kumlinda. Ndani yake mna ukweli: hatari ina bei, na anayeikubali huitoza. Lakini hoja hiyo yathibitisha machache kuliko inavyodhaniwa. Katika jimbo la California nchini Marekani, mkopo wa kununulia nyumba ya kuishi kwa kawaida haumfuati mkopaji baada ya nyumba kuchukuliwa, na biashara ya mikopo ya nyumba haijafa huko. Mikopo iliyokuwa rahisi Hispania kabla ya 2008 ilikuwa rahisi kwa sababu hatari yote ilitupwa kwa mkopaji na wadhamini wake, na urahisi huo ndio uliopandisha bei za nyumba hadi zikawashinda wote. Mkopeshaji anayejua kwamba makosa ya makadirio yatamgharimu yeye pia, hukadiria kwa uangalifu. Mkopo mgumu kidogo mwaka 2005 ungekuwa rehema mwaka 2010.

Pingamizi la tatu ni kuhusu njia. Nchi yenye mahakama na uchaguzi haiwezi kuruhusu kila kundi lizuie amri lisiyoipenda, na PAH ilikwenda mbali zaidi ya mlango: iliingiza familia katika majengo matupu ya benki, na mwaka 2013 iliwafuata wanasiasa hadi majumbani mwao. Ni lazima kuvipima vitendo hivi kimoja kimoja. Kuhusu majengo matupu, sensa ya mwaka 2011 ilihesabu nyumba zaidi ya milioni 3.4 zisizo na watu, na sehemu yake ilishikiliwa na benki zilizookolewa au na Sareb, kampuni iliyoundwa mwaka 2012 kubeba mali mbovu za benki. Familia zilizoingia mwaka 2013 katika jengo la ghorofa huko Salt, karibu na Girona, zilijitangaza wazi na kuomba zipangishwe kwa kodi wanayoimudu. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisimamisha kwa muda kufukuzwa kwao hadi serikali ieleze zitapelekwa wapi. Kitendo hicho kina tofauti kubwa na kuvamia nyumba ya mtu binafsi, na wanaovichanganya huficha swali la nyumba kukaa tupu huku watu wakilala kwa jamaa. Kuhusu kuwafuata wanasiasa nyumbani, hata kama mahakama ya Madrid haikuona kosa la jinai, naona ilikuwa mbinu dhaifu. Harakati inayotetea utulivu wa nyumba haifaidiki kwa kuuvuruga utulivu wa nyumba nyingine zenye watoto ndani. Udhaifu wa mbinu moja, hata hivyo, haufuti uhalali wa dai.

Ukosoaji ninaouona kuwa mzito zaidi hautoki kwa benki. Unatokana na matokeo yenyewe. Amri ya mwaka 2012 ya kusimamisha kufukuzwa kwa miaka miwili imeongezwa mara kadhaa, na sasa imesogezwa hadi 2028. Kitu cha dharura kinachodumu miaka 16 ni ungamo kwamba suluhisho halijapatikana. Wakati macho ya wengi yalikuwa kwa wenye rehani, wapangaji walikuwa wakiondolewa kimyakimya: mwaka 2013, kati ya amri zaidi ya 60,000 za kuwaondoa watu zilizotekelezwa nchini, zaidi ya nusu ziliwahusu wapangaji. Mwaka huohuo halmashauri ya jiji la Madrid iliuza zaidi ya nyumba 1,800 za umma kwa kampuni iliyo chini ya Blackstone, mfuko wa uwekezaji wa Marekani. Nyumba zilizochukuliwa kwa wadaiwa nazo zilinunuliwa kwa mafungu na mifuko ya aina hiyo, zikarudi sokoni kama nyumba za kupangisha kwa bei ambayo aliyezipoteza haimudu. Ada Colau alichaguliwa meya wa Barcelona mwaka 2015 na kuongoza hadi 2023, na hata yeye aligundua kwamba mji usio na akiba ya nyumba za umma hauna cha kumpa mtu aliyezuiwa kufukuzwa. Kifungu cha 47 cha Katiba ya mwaka 1978 kinampa kila Mhispania haki ya makazi yenye staha. Kifungu cha 53 kinakiweka kati ya miongozo ya sera, ambayo mwananchi hawezi kuidai moja kwa moja mahakamani. Sheria ya makazi ya mwaka 2023 imejaribu kuziba pengo hilo, lakini nyumba ambazo hazikujengwa kwa miaka 40 haziletwi na sheria ya mwaka mmoja.

Kwa hiyo mafanikio na mapungufu ya harakati hii yana chanzo kimoja. Ilishinda pale ambapo muda ulikuwa dawa: katika taratibu, rufaa, notisi, masharti ya mikataba, na mazungumzo na benki. Ilikwama pale ambapo muda ulihitaji kubadilishwa kuwa nyumba. Kusema hivi hakuipunguzii heshima. Watu wasio na fedha wala ofisi waliwalazimisha Bunge, serikali na majaji kufanya kazi yao. Kujenga nyumba za umma, kutoza kodi nyumba zinazoachwa tupu na kuwabana wamiliki wakubwa ni kazi ya dola, na dola ndiyo iliyochelewa.

Msomaji wa Kenya ana sababu ya karibu ya kulifuatilia jambo hili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mkopeshaji apate bei nzuri iwezekanavyo, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Katika hilo Kenya ilikuwa mbele ya Hispania ya wakati huo. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 99, inasema aliyeuziwa mali yake isivyo halali atapata fidia kutoka kwa aliyeuza, na mnunuzi analindwa. Wadaiwa wanapokwenda kuomba zuio, mahakama huwapima kwa kigezo cha shauri la Giella dhidi ya Cassman Brown la mwaka 1973, kinachouliza kama hasara yao haiwezi kufidiwa kwa fedha. Mara nyingi wamejibiwa kwamba aliyeweka nyumba rehani ameigeuza bidhaa, na bidhaa ina bei. Hilo ndilo jibu ambalo Luxembourg ililikataa mwaka 2013. Mikopo ya nyumba bado ni michache Afrika Mashariki, na serikali zetu zinataka iongezeke. Wakati wa kuliuliza swali hili ni sasa, kabla wadaiwa hawajawa wengi.

Nyumba ya kuishi haifanani na gari wala mashine ya kusaga. Anayeipoteza hupoteza shule ya watoto, majirani, anwani ya kuombea kazi na mahali pa kuuguzia wazee, na hakuna hundi inayoyarudisha hayo. Kila sheria ya rehani basi ipimwe kwa swali moja: je, hakimu anaweza kusikiliza malalamiko yote ya mdaiwa kabla ya nyumba kwenda? Kama jibu ni hapana, sheria hiyo ibadilishwe, na wabunge wetu waulizwe hivyo waziwazi kila wanapoletewa mswada wa mikopo ya nyumba. Na kila bajeti inayohimiza wananchi kukopa nyumba iambatane na fungu la nyumba za umma za kupangisha, ili asiyeweza kulipa awe na pa kwenda.